Kipimo cha redio kikifungwa antena ni transmita: kiwekewe utaratibu wake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Sisi ni mafundi na wapenzi wa redio wa hapa Tanga mjini. Tunaandika kuhusu vipimo vya redio vya bei nafuu ambavyo sasa vinaonekana kwenye meza za mafundi kuanzia Ngamiani hadi Makorora: VNA za mkononi (za kupima antena, kebo na filta), spektramu analaiza ndogo (zinazoonyesha mawimbi yaliyopo kwa kila masafa), jenereta za mawimbi za bodi moja, mita za SWR (za kupima nguvu inayorudi kutoka kwenye antena). Miaka michache tu nyuma vifaa vya namna hii vilikuwa mali ya kampuni za simu na vituo vya utangazaji. NanoVNA, iliyobuniwa Japani na kutengenezwa kwa wingi China, ndiyo iliyoshusha bei, na tinySA, spektramu analaiza ya mfukoni, ikafuata. Leo fundi wa mtaani anaweza kuona kwa macho kile alichokuwa akikisia kwa sikio. Hilo ni jema kabisa na tunalitetea. Lakini vifaa vimekuja mbele, utaratibu umebaki nyuma, na wengi wanaovitumia hawajui ni wapi kipimo kinaacha kuwa kipimo na kuwa transmita, yaani kifaa cha kurusha mawimbi hewani.

Mpaka huo uko kwenye soketi ya kutolea mawimbi, hata boksi liwe limeandikwa jina gani. Jenereta ikiwa imeungwa kwa kebo na mzigo wa omu 50, nishati yake inaishia ndani ya rezista ikawa joto, na hakuna jirani anayeathirika. Toa ule mzigo, chomeka waya wa nusu mita mahali pake, na kifaa kile kile kimeshakuwa kituo cha redio kisicho na leseni. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka masafa yatumike kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kusema kwamba ulikuwa unafanya majaribio hakukupi leseni. Anayetaka kupeleka mawimbi hewani kwa kujifunza, njia yake ipo: leseni ya redio ya ridhaa, yenye alama ya kuitia inayoanza na 5H kwa Tanzania. Asiye nayo apime ndani ya kebo tu.

Kwa mji kama Tanga jambo hili si la kinadharia. Bandari iko mjini, uwanja wa ndege hauko mbali na makazi ya watu, na vyombo vinavyotoka hapa kwenda Pemba vinasikilizana kwa VHF ya bahari. Chaneli 16, ambayo ndiyo ya kuitana na kuomba msaada, iko 156.8 MHz. Wito wa dharura wa kidijitali uko chaneli 70, yaani 156.525 MHz. Dharura ya ndege ni 121.5 MHz. Satelaiti za uokoaji ziliacha kuisikiliza hiyo ya 121.5 tarehe 1 Februari 2009 na sasa zinasikiliza 406 MHz, lakini marubani na waokoaji bado wanaitegemea 121.5. Masafa haya hayataki hata mnong'ono wa mtu mwingine juu yake.

Sasa tazama jinsi fundi mwenye nia njema anavyoweza kuyaingilia bila kujua. Chukua bodi ya Si5351, chipu iliyomo kwenye jenereta nyingi za bei ya chini na ndani ya NanoVNA zile za mwanzo. Ipange 40.5 MHz, iunge na spektramu analaiza kupitia atenyueta (kipunguza nguvu ya wimbi), kisha fungua skrini kuanzia 30 hadi 300 MHz. Utaona mstari mrefu kwenye 40.5, kama ulivyotegemea. Utaona mwingine kwenye 121.5, mwingine kwenye 202.5 na mwingine kwenye 283.5. Chipu hii inatoa wimbi la mraba, na wimbi la mraba limejengwa kwa masafa ya msingi pamoja na hamoniki zake, yaani masafa hayo yakizidishwa kwa namba nzima, za namba witiri. Hamoniki ya 3 ina thuluthi ya volti ya msingi, sawa na desibeli 9.5 chini yake; ya 5 ina sehemu moja ya tano, desibeli 14 chini. Zile za namba shufwa nazo hujitokeza pale mraba usipogawanyika nusu kwa nusu.

Kwa hiyo jenereta ikitoa miliwati 10 kwenye 40.5 MHz, inatoa pia miliwati 1 na kidogo kwenye masafa ya dharura ya ndege. Miliwati 1 inaonekana si kitu. Lakini ikitoka kwenye waya unaorusha vizuri, ndege iliyo umbali wa kilomita 5 bila kizuizi inaipata kwa kama -88 dBm (desibeli zikihesabiwa kutoka miliwati 1), na risiva nzuri ya anga husikia hadi kwenye -100 dBm. Rubani ataisikia. Hesabu hiyo hiyo inahusu bahari: 52.267 MHz mara 3 inaangukia chaneli 16, na 31.36 MHz mara 5 inaangukia pale pale. 135.35 MHz mara 3 inaingia katikati ya masafa ya vitoa ishara vya dharura vya 406 MHz. Ndiyo maana tunasisitiza fundi azidishe kwanza: kabla ya kuwasha, masafa unayotaka kutumia yazidishe kwa 2, 3, 5 na 7, uandike pembeni majibu yanaangukia wapi. Yakiangukia pabaya, sogeza masafa ya jaribio. Karibu kila jaribio la mezani linaweza kufanyika megahezi moja juu au chini bila hasara yoyote.

Baada ya hesabu inakuja filta. Kwa anayefanya kazi kwenye 7 MHz, filta ya kupitisha masafa ya chini yenye kapasita 4 na koili 3 inatosha sana: kapasita za pikofaradi 270, 680, 680 na 270 zikishuka kwenye gandi (upande wa ardhi wa saketi), na kati yake koili za mizunguko 21, 24 na 21 kwenye ringi za T37-6. Ikijengwa vizuri, hamoniki ya 3 kwenye 21 MHz inashuka kwa zaidi ya desibeli 50. Vitu vitatu ndivyo huiharibu. Kwanza ni hesabu ya mizunguko: kila mara waya unapopita ndani ya tundu la ringi ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza unaoonekana umenyooka. Pili ni rangi ya ringi. T37-6 ni ya njano. Ya T37-2 ni nyekundu, ina ukubwa ule ule, lakini mizunguko ile ile inatoa indaktansi (thamani ya koili) iliyoongezeka kwa theluthi, hivyo filta inaanza kukata chini ya pale ulipopanga na kula 7 MHz yenyewe. Tatu ni aina ya kapasita: zitumike za C0G, ambazo pia huitwa NP0. Zile za X7R au Y5V hubadilika thamani kwa joto na kwa volti, na filta inayopima vizuri asubuhi inakuwa nyingine mchana wa Februari. Kati ya chipu na filta weka atenyueta ya desibeli 6, kwa sababu filta hairuhusu hamoniki kupita lakini pia haizimezi, inazirudisha kwenye chipu.

Upande wa pili wa kazi ni kupima redio za wateja, hasa zile za mkononi za bei nafuu zinazotumia 144 na 430 MHz, ambazo walinzi, waongoza utalii na watu wa ujenzi wanaleta kwa mafundi. Hapa ndipo spektramu analaiza ndogo inapolipa gharama yake, na hapa ndipo nyingi zinapokufa. Redio ya wati 5 inatoa +37 dBm. tinySA haitaki zaidi ya +10 dBm kwenye mlango wake. Maana yake atenyueta ya desibeli 30 peke yake haitoshi kwa usalama, kwani inakuacha na +7, na betri ikiwa imejaa au redio ikiwa inatoa zaidi ya ilivyoandikwa, umefika ukingoni. Tumia desibeli 50: atenyueta ya desibeli 30 yenye uwezo wa wati 10 au zaidi upande wa redio, ikifuatiwa na ya desibeli 20 ya wati 2 upande wa kipimo. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukianza na ile ndogo ya wati 2, wati 5 zote zinaishia humo, na rezista ya ndani ikishaungua inaweza kufunguka au kupiga shoti. Ikipiga shoti, kipimo kinabaki na kinga ya desibeli 30 tu.

Bonyeza PTT, kitufe cha kurushia, kwa sekunde chache tu. Kwenye skrini mstari mkuu utasimama karibu na -13 dBm, yaani +37 kutoa 50. Sasa tazama mara mbili na mara tatu ya masafa yale. Kanuni ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, kwa mawimbi ya ziada ni desibeli 43 jumlisha mara 10 ya logi ya nguvu kwa wati. Kwa wati 5 inakuja desibeli 50. Kwa lugha nyepesi, hamoniki isizidi mikrowati 50, na kwenye skrini yako isipande juu ya -63 dBm. Ikipanda, usikimbilie kuilaumu redio, maana kipimo chenyewe kikizidiwa nguvu hutengeneza hamoniki zake ndani. Njia ya kutofautisha ni rahisi: ongeza atenyueta ya desibeli 10. Hamoniki ya kweli itashuka desibeli 10 sawasawa na mstari mkuu. Ya ndani ya kipimo itashuka zaidi, ya 2 kama desibeli 20 na ya 3 kama 30. Jaribio hili dogo limerukwa na mafundi wengi, na redio nzima zimehukumiwa bure.

Dami lodi, yaani mzigo wa omu 50 unaopokea nguvu badala ya antena, ya kazi za kawaida haihitaji kununuliwa. Rezista 20 za kilo-omu 1, za wati 2 kila moja, zikiungwa pamoja kwa usambamba zinatoa omu 50 na uwezo wa wati 40 kwenye karatasi. Mezani zichukulie nusu yake. Ziwe za filamu ya kaboni au ya metali, na miguu ikatwe mifupi kadiri inavyowezekana. Zile nyeupe za saruji zisiguswe kabisa: ndani yake ni waya uliozungushwa, na kwenye masafa ya redio zinakuwa koili. Mita ya kawaida ya omu itakuonyesha 50 na utaridhika, wakati VNA kwenye 145 MHz itakuonyesha kitu tofauti kabisa.

Kuhusu VNA na antena za juu ya paa, tunajua kuna mvutano. Wapo wanaosema kufunga VNA kwenye antena ni kurusha mawimbi, basi ni kosa. Wapo wanaosema nguvu yake ni ndogo mno, basi ni ruksa kupima chochote. Tuseme kweli ilivyo. NanoVNA hutoa karibu -13 dBm, mikrowati 50, na haikai kwenye masafa mamoja, inapita kwa kuruka hatua kwa hatua. Madhara yake ni madogo. Lakini si sifuri, na hakuna sababu ya kupima antena ya 145 MHz kwa kuchagua kipimo kianzie 1 MHz kiishie 900 MHz, kikipita juu ya anga, bahari, simu na dharura, halafu kikaachwa kikizunguka nusu saa fundi akinywa chai. Panga mwanzo 140 na mwisho 150. Piga picha ya skrini, chomoa. Utapata hata usomaji bora, kwa sababu pointi zile zile 101 zinagawanywa kwenye megahezi 10 badala ya 900.

Kabla ya kupanda juu, kalibreti (sawazisha kipimo) mwisho wa kebo utakayotumia, ikiwa wazi, ikiwa na shoti na ikiwa na mzigo, kwa masafa yale yale uliyoyapanga. Ukibadilisha masafa au kebo, kalibresheni hiyo imekufa, rudia. Kabla ya kuchomeka antena iliyokaa juani na kwenye upepo, gusisha pini ya kati na gandi kwanza ili umeme tuli uondoke. VNA nyingi zinazoletwa zikiwa hazisomi upande wa kwanza zimepigwa na umeme huo au na transmita ya jirani kwenye mnara ule ule. Na konekta za SMA, zile ndogo za skrubu kwenye milango ya vipimo, si za kukazwa kwa koleo. Zile za shaba nyeupe zinatakiwa kukazwa kwa kama nyutoni-mita 0.56 tu, nguvu ya vidole viwili, na umri wake ni kuunganisha na kuchomoa mara 500 hivi. Weka adapta ya kudumu kwenye mlango wa kipimo, ichakae adapta. Kwa hewa yetu ya chumvi, pini ikianza ukijani usomaji unacheza; ifute kwa alkoholi safi na kijiti cha pamba, kisha kifaa kikae kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Boksi la plastiki linalokuja na jenereta nyingi halizuii mawimbi. Kopo la bati lililolehemiwa pembe zote, lenye soketi iliyobanwa kwenye bati lenyewe, linazuia. Waya wa umeme nao ni antena. Chaja nyingi za simu za bei ya chini hazina filta upande wa umeme wa nyumba, na kelele zake zinajaa kati ya 150 kHz na 30 MHz. Ukitaka kujua, washa kipimo kwa betri, angalia sakafu ya kelele (kiwango cha kelele pasipo wimbi) kwenye 7 MHz, halafu chomeka chaja. Kama sakafu imepanda, chaja hiyo ikae mbali na meza ya vipimo, au kebo yake ipitishwe mara 5 au 6 kwenye ringi ya feriti. Tunalitaja hili kwa sababu fundi anaweza kukikataa kifaa kizima kwa kosa la chaja.

Tuje kwenye kuingiza vifaa, ambako malalamiko ni mengi. Mtu anaagiza kipimo, mzigo unashikwa, anaambiwa ameingiza redio ya mawasiliano. Mara nyingi chanzo ni ankara. Muuzaji wa ng'ambo ameandika neno la jumla, au kwa kudhani anamsaidia mteja ameandika zawadi au mwanasesere. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, osiloskopu, spektramu analaiza na VNA ziko kifungu 90.30, cha vyombo vya kupimia umeme. Jenereta za mawimbi ziko 85.43. Redio za kupokea na kurusha zina kifungu chake tofauti. Mwombe muuzaji aandike ankara ikionyesha jina kamili la kifaa, modeli, matumizi yake kuwa ni kupimia, masafa inayofanyia kazi, nguvu ya juu inayotoa kwa miliwati, na kifungu cha forodha. Mpe wakala wako wa forodha karatasi ya maelezo ya kiufundi mapema, kabla mzigo haujafika. Kifaa chenye betri ya lithiamu ndani yake husafirishwa kwa namba UN3481, na betri iwe imepita majaribio ya UN 38.3, bila hati hiyo mzigo unaweza kukwama hata kabla haujapanda ndege.

Jambo linalosahaulika ni Wi-Fi na Bluetooth. Spektramu analaiza isiyo na redio yoyote ndani ni kipimo. Ile ile ikiongezewa moduli ya kutuma picha kwenye simu ina transmita ya 2.4 GHz ndani yake, na hapo swali la kuidhinishwa na TCRA linakuja kwa nguvu zote. Kwa fundi wa kawaida ushauri wetu ni kununua ile ya waya wa USB. Ni rahisi zaidi, na kelele yake ni ndogo.

Nembo zilizobandikwa nyuma ya kifaa nazo zisomwe kwa akili. CE, nembo ya Ulaya, kwenye bidhaa nyingi za namna hii ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, na tamko la kweli lina karatasi yenye jina lake, anwani na orodha ya viwango alivyofuata. Omba hiyo karatasi. Nembo ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa kifaa kinachorusha mawimbi kwa makusudi huambatana na namba ya utambulisho ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta. Nembo tupu isiyo na karatasi wala namba ni wino tu. Na hata zikiwa za kweli, zote mbili hazichukui nafasi ya idhini ya TCRA hapa nchini, wala hati ya ulinganifu wa viwango ya TBS kwa anayeleta kwa wingi kuuza.

Tunawaomba wauzaji jambo moja kwa msisitizo. Kuna bodi ndogo za kurusha FM, 87.5 hadi 108 MHz, zinazouzwa kwa jina la vifaa vya majaribio. Bodi ya kurusha FM yenye soketi ya antena na wati 1 si kifaa cha majaribio. Masafa ya kuongozea ndege yanaanza pale pale FM inapoishia, 108 MHz, na bodi hizo nyingi hazina filta ya maana. Kuiita kipimo kunawaponza wenye vipimo vya kweli.

Kwa mamlaka, tunaomba utaratibu mfupi, na mifano ya kuanzia ipo. Marekani, katika sehemu ya 15 ya kanuni za FCC, inamruhusu mtu kujenga vifaa visivyozidi 5 vya aina moja kwa matumizi yake mwenyewe bila kuvipeleka kuidhinishwa, mradi havikutoka kwenye kiti (seti ya vipuri vya kuunganisha mwenyewe) na haviuzwi, na anatakiwa afuate ufundi mzuri kadiri awezavyo. Vikileta usumbufu lazima vizimwe. Kanuni hizo hizo zinasamehe vifaa vya kidijitali vinavyotumika kama vipimo viwandani, kwenye biashara na hospitalini, lakini hazitaji vya nyumbani. Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la vifaa vya redio namba 53 la mwaka 2014, umeweka nje kiti za kuunganishwa na wapenzi wa redio wenye leseni, vifaa walivyojijengea kwa majaribio na vile walivyovirekebisha kwa matumizi yao. Kwa hiyo Marekani imekaza kwenye kiti, Ulaya imelegeza. Sisi tunaona njia ya Ulaya inatufaa zaidi, kwa sababu kijana wa hapa hujifunza kwa kiti kabla hajaweza kubuni chake, lakini kikomo cha Marekani cha vifaa 5 nacho kichukuliwe ili biashara isijifiche nyuma ya ridhaa.

Tunaiomba TCRA itoe waraka wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ubandikwe pia kwenye ofisi za forodha na kwa mawakala, unaotenganisha makundi matatu: chombo kinachopokea na kupima tu, chombo kinachotoa mawimbi yasiyozidi kiwango fulani cha miliwati kwa ajili ya kupimia kwa kebo, na chombo chenye redio kamili ndani yake. Kundi la kwanza lipite kwa ankara sahihi. La pili lipite kwa ankara pamoja na tamko la mnunuzi kwamba halitaungwa na antena bila leseni. La tatu lifuate idhini ya kawaida. Waraka utaje kwa namba masafa ambayo hamoniki haziruhusiwi kabisa kuangukia, kuanzia 121.5, 156.525, 156.8 na 406.

Na kwa Chuo cha VETA Tanga tunaomba mafunzo ya elektroniki yawe na meza moja yenye dami lodi, atenyueta za desibeli 30 na 20, filta na spektramu analaiza ndogo, ili mwanafunzi aione hamoniki ya 3 kwa macho yake kabla hajapewa redio ya mteja. Vifaa vya meza hiyo mafundi wa mji huu tunaweza kusaidia kuvijenga, kuanzia dami lodi na filta, tukipewa nafasi na ratiba.

Mafundi na wapenzi wa redio,
Ngamiani, Tanga.